Shela Jeupe, Taa za Mjini

*Maharusi wa Dar es Salaam wanataka picha za usiku katikati ya jiji. Wazee wanalalamikia muda, walinzi wanauliza vibali, wapiga picha wanahangaika na mwanga. Mwandishi wetu amefuatilia mvutano huu.*

Ni Jumamosi, saa 1 usiku imepita kidogo. Kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, hatua chache kutoka Sanamu ya Askari, bi harusi amekusanya pindo la shela kwa mikono miwili lisiburute vumbi la kando ya barabara. Bwana harusi yuko nyuma yake, koti la suti limefungwa kifungo kimoja. Kijana mmoja ameinua taa juu ya kijiti kirefu. Mpiga picha amepiga goti ukingoni mwa njia ya miguu, anasubiri Bajaji ipite.

Bajaji inapita. Nyuma yake bodaboda anapunguza mwendo na kupiga honi mara tatu. Mama anayeuza karanga anapiga kigelegele, wapita njia wawili watatu wanakipokea. Bi harusi anacheka, kicheko ambacho hakuna mpiga picha angeweza kumwagiza akitoe. Shata inalia.

Na simu inalia. Ni mwenyekiti wa kamati, yuko ukumbini Sinza. Wageni wameshakaa, chakula kipo tayari, mshereheshaji ameishiwa nyimbo za kusubirishia watu. Kabla msimamizi wa bwana harusi hajamaliza kujibu, mlinzi wa jengo la jirani amewafikia na anauliza kibali kiko wapi.

Mambo yote yanayobishaniwa kuhusu picha hizi yamekutana kwenye kona hiyo moja: furaha ya maharusi, subira ya wageni, haki ya kusimama kwenye mtaa wa umma, na ugumu wa kupata sura ya mtu mahali ambapo mwanga unatoka kila upande isipokuwa ule unaoutaka.

Jua la Dar halina subira

Ratiba ya harusi ya Jumamosi inajulikana. Ibada huanza saa 8 au saa 9 alasiri. Ikiisha kuna kusaini vyeti, kuna picha za ngazi za kanisani na koo zote mbili, kisha msafara wenye matarumbeta unaingia barabarani na kukwama Magomeni au Morocco. Bi harusi anapitishwa tena saluni, maana joto limeharibu vipodozi. Watu wanapokuja kushtuka, saa 12 jioni imefika na picha za bustanini hazijapigwa.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huzama hapa kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, na huzama karibu wima. Tangu litumbukie hadi giza lishike ni dakika kama 20. Katika miji ya kaskazini mwa Ulaya, mwezi Juni, utusitusi hudumu saa nzima na zaidi, na mpiga picha ana nafasi ya kujaribu na kurudia. Hapa, anayechelewa kufungua begi la kamera amekosa.

Dakika hizo 20 ndizo zinazogombaniwa na kila mwenye kamera jijini. Anga bado lina bluu nzito, taa za barabarani zimeshawaka, na vyote viwili vinalingana nguvu. Zikipita, anga huwa jeusi tupu na majengo hubaki madirisha yanayoelea hewani.

Kwa maharusi wengi, basi, picha ya usiku ilianza kwa sababu ya kuchelewa. Lakini sasa wapo wanaoipanga tangu vikao vya mwanzo vya kamati, kabla hata ya kukubaliana rangi ya mapambo. Wanaitaka. Naamini sababu yake ni ya zamani kuliko mitindo ya Instagram.

Kutoka mji wa kuchorwa hadi mji wenyewe

Picha za harusi za pwani yetu zilizaliwa ndani ya studio. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi kadhaa vya Wazanzibari vilikwenda kukaa mbele ya kamera yake. Studio ilikuwa na kiti, pazia, meza ndogo yenye maua, na mwanga wenye adabu. Albamu za wazazi wetu, bara na visiwani, zimejaa picha za aina hiyo: watu wawili wamesimama wima, mkono mmoja umewekwa begani, nyuma yao hakuna kitu kinachosema ni mji gani wala ni mwaka gani.

Mji ulipoingia kwenye picha, uliingia kama kitambaa. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha waliweka vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa na kubandikwa: majengo marefu, meli, ndege. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Heike Behrend, ameandika kwa kirefu juu ya vibanda hivyo. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi bandarini alisimama mbele ya mji ule wa rangi na kutuma picha kijijini. Mji halisi ulikuwa hatua chache nyuma ya kibanda, lakini haukuingia kwenye picha.

> *Mji halisi ulikuwa hatua chache nyuma ya kibanda, lakini haukuingia kwenye picha.*

Usiku nao ulikuwa na wapiga picha wake. Malick Sidibé alizunguka kwenye dansi za vijana wa Bamako miaka ya 1960 akiwa na kamera na flashi. Picha yake ya mwaka 1963, ya kijana na msichana wanaocheza mkesha wa Krismasi vichwa vyao vikikaribiana, imezunguka dunia nzima. Wengi huwadhania wapenzi. Ni kaka na dada. Miaka 30 kabla yake, Brassaï alikuwa ameshatoa kitabu chake cha Paris ya usiku, mwaka 1932. Lakini Brassaï alilazimika kuacha lenzi wazi muda mrefu ili mitaa ionekane, kwa hiyo aliyetaka kutokea kwenye picha ya namna hiyo alipaswa kutulia tuli. Na flashi ya Sidibé iliwakamata wachezaji, ikauacha mji nje gizani.

Kupata vyote kwa pamoja, wawili wanaocheka na jiji linalopita nyuma yao, usiku, kulisubiri kamera za kidijitali zinazoweza kupandishwa hadi ISO 3200 au 6400 bila picha kujaa chengachenga. Kamera hizo sasa zipo mikononi mwa vijana wa Kinondoni na Temeke. Na walioko mbele yake ni watu waliokutana kwenye foleni ya mwendokasi, waliotoka pamoja kula mihogo Coco Beach, waliopanga chumba cha kwanza Mwananyamala. Wanapotaka Barabara ya Samora iwe kwenye albamu yao ya ndoa, wanasema ukweli kuhusu maisha yao. Sioni majivuno hapo.

Ngozi nyeusi chini ya taa za barabarani

Kosa linalofanyika sana katika picha hizi ni la mwanga, na wanaoumia ni maharusi wenyewe, kwa sababu ndoa haipigwi picha mara ya pili.

Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba ukichanganya vyote vilivyomo kwenye picha utapata kijivu cha wastani. Kikipewa shela jeupe, suti nyeusi, ngozi ya maji ya kunde na anga la giza, kinababaika. Kikilifuata giza, kinaongeza mwanga hadi shela linakuwa bamba jeupe lisiloonyesha shanga wala mshono. Kikilifuata shela, nyuso zinazama.

Kuzama kwa nyuso nyeusi kuna historia yake. Kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyobandikwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ndiyo iliyokuwa kipimo. Mtu mweusi akisimama karibu na mweupe kwenye picha moja, mweusi alibaki meno na macho. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, alionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu zirekebishwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za hudhurungi za bidhaa zao zitofautiane kwenye matangazo. Jirani zetu wa Msumbiji nao wana kisa chao: mwongozaji wa filamu wa Ufaransa, Jean-Luc Godard, alipokuwa huko mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu za Kodak akisema zina ubaguzi wa rangi.

Kamera za leo ni bora zaidi. Lakini mazoea hayajafa. Programu za simu zinazong'arisha uso zinamfanya bi harusi awe mweupe kuliko shangazi zake wote, na wapo wahariri wa picha wanaofanya hivyo bila kuombwa. Hilo ni kumfuta mtu kwenye harusi yake mwenyewe, na maharusi wana haki ya kulikataa kabla ya kulipa malipo ya awali.

> *Kumng'arisha bi harusi bila kuombwa ni kumfuta kwenye harusi yake mwenyewe.*

Njia sahihi inaanza na flashi. Ikiwa juu ya kamera na kuelekezwa moja kwa moja usoni, inafanya mambo matatu mabaya kwa mpigo: inasawazisha sura kama sahani, inawasha jasho la kipaji, na inageuza jiji kuwa ukuta mweusi. Ndiyo maana wanaojua kazi huitoa flashi kwenye kamera, wakampa msaidizi aishike pembeni ndani ya mwavuli au softiboksi, na kuipunguza nguvu. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao. Mwanga ukipita ubavuni, shavu, taya na bega hupata mstari wao, na rangi ya mtu hubaki rangi yake.

Kisha kuna rangi za taa zenyewe. Taa za zamani za sodiamu hutoa mwanga wa njano unaokaribia chungwa, za LED hutoa mweupe wenye ubaridi, na flashi ina weupe wa mchana. Bi harusi akisimama katikati ya zote tatu, shela lake linakuwa na rangi tatu. Mpiga picha makini hufunika flashi kwa karatasi angavu ya rangi ya chungwa ili ifanane na taa ya barabarani, halafu hurekebisha rangi zote kwa pamoja kwenye kamera. Karatasi hiyo ni kitu kidogo sana mfukoni, na matokeo yake huonekana kwenye kila picha ya usiku.

Magari nayo yanaweza kuwa pambo. Shata ikiachwa wazi kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde huku flashi ikipiga mara moja, maharusi waliotulia hutoka safi, na taa za Bajaji hujivuta kuwa michirizi nyuma yao. Tundu la lenzi likifunguliwa sana, hadi f/1.8 au f/1.4, taa za mbali huvimba kuwa duara laini. Mvua ya masika au vuli ikiwa imetoka kunyesha, lami huzirudisha taa zote kutoka chini, na hapo mpiga picha asiyeogopa matope huondoka na picha asizoweza kuzipata usiku mkavu.

Yote haya hufanyika vizuri mahali palipokaguliwa kabla. Anayefika Posta na maharusi ndipo aanze kutafuta pa kusimama, anatumia muda wa wageni walioko ukumbini.

Wageni waliochangia

Na wageni hao wana neno. Harusi zetu hazilipiwi na wawili wanaooana. Zinalipiwa kwa michango: kadi zilizosambazwa miezi kadhaa, ahadi zilizofuatiliwa kwa simu, vikao vya kila wiki. Aliyechangia ameacha shughuli zake, amepanda daladala mbili akiwa na sare ya kitambaa kipya, na pengine kesho yake ana zamu ya asubuhi. Anapokaa mezani hadi saa 3 usiku akitazama meza kuu isiyo na mtu, hasira yake ina msingi.

Wenyeviti wa kamati wanaongeza jambo la ukumbi. Muda umelipiwa, na majirani hawakubali muziki upige hadi alfajiri. Kila dakika inayoliwa mjini inakatwa mahali fulani: kwenye nasaha za wazazi, kwenye keki, au kwenye zawadi, ambapo upande mmoja wa ukoo huambiwa uje mbio na kupita.

Wengine wamelitatua kwa kupiga picha hizo siku nyingine, wiki moja kabla au baada, kwa shela la kukodi. Ni suluhisho la heshima, na kwa wenye safari ndefu au mgonjwa nyumbani ni la lazima. Lakini nikilinganisha picha za aina mbili, ya siku nyingine hunionyesha watu waliovaa vizuri. Ya usiku wenyewe hunionyesha watu waliooana saa chache zilizopita, macho yamechoka na kulia kanisani. Hilo haliwezi kurudiwa.

Kwa hiyo nasimama hapa: picha zipigwe usiku uleule, lakini zisizidi dakika 20, karibu na njia ya kuelekea ukumbini, na mshereheshaji aambiwe saa kamili. Anayefunga ndoa Azania Front au Mtakatifu Yosefu, makanisa mawili yaliyokamilika mwaka 1902 na yanayotazama bandari, ana Kivukoni yote mbele yake. Hana haja ya kuvuka jiji hadi Masaki kutafuta taa.

Wapo pia ambao jambo hili haliwahusu, nao wasisukumwe. Katika baadhi ya harusi za Unguja, Mombasa na Lamu, bi harusi huonyeshwa kwa wanawake wenzake tu, simu huzuiwa mlangoni, na mpiga picha huwa mwanamke. Kwa familia hizo, kumsimamisha mwari barabarani mbele ya macho ya watu ni kuvunja stara. Mpiga picha anayewashinikiza kwa kuwaonyesha picha za wengine anakosa adabu.

Kibali kwa nani?

Turudi kwa mlinzi. Yeye hana kosa. Ameambiwa alinde jengo, na amewaona watu wenye kamera kubwa usiku. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha maeneo yaliyotengwa kwa ulinzi bila ruhusa, na katikati ya jiji ofisi nyeti na duka la viatu vinaweza kuwa ukuta kwa ukuta. Mlinzi asiyejua mpaka uko wapi huchagua kukataza kila kitu. Hapo ndipo mazungumzo ya pembeni huanzia, na noti hubadilishana mikono.

> *Mlinzi asiyejua mpaka uko wapi huchagua kukataza kila kitu.*

Mamlaka zenyewe ni nyingi. Tangu mwaka 2021, iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, hivyo Posta na Kivukoni ziko kwake. Mitaa iko chini ya TARURA, barabara kuu chini ya TANROADS. Anayetaka kurusha droni juu ya msafara anahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya wizara yenye dhamana ya ulinzi. Kwa picha mbili za maharusi, hiyo ni milango mingi.

Daraja la Tanzanite linaonyesha ugumu huu kuliko mahali pengine popote. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 1, limepita juu ya bahari kati ya upande wa hospitali ya Aga Khan na upande wa Coco Beach, na tangu lilipofunguliwa mwaka 2022 watu hawajaacha kwenda kupigia picha pale. Lina njia za waenda kwa miguu. Lakini msafara wa harusi haufiki kwa miguu. Gari linasimama, jingine nyuma yake linasimama, wapambe wanashuka upande wa magari yanayokimbia. Hapa sina huruma na maharusi wala mpiga picha. Gari lisisimame darajani, na shela lisikanyage lami ya magari hata kwa sekunde moja. Anayeitaka picha ile ashuke kabla ya daraja na atembee.

Kuna na yule mama wa karanga. Sura yake imeingia kwenye picha ambayo kesho itatazamwa na maelfu ya watu kwenye ukurasa wa mpiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewafundisha Watanzania kwamba taarifa za mtu zina mwenyewe, na maharusi wengi wameanza kuandika kwenye mkataba ni picha zipi zisitumike kwa matangazo. Mchuuzi hana mkataba. Adabu inatosha: kumwomba kabla, kumwonyesha kwenye kioo cha kamera, na kununua karanga zake.

Wapiga picha nao wana hofu yao. Kamera, lenzi mbili na flashi ni mtaji wa miaka ya kazi, na mtaa ukishatulia baada ya maduka kufungwa, begi hilo linavutia macho mabaya. Ndiyo sababu hawaendi wawili tu. Wanataka mtu wa taa, mtu wa begi, na gari likiwa karibu. Mlinzi akiona kundi la watu sita anazidi kushtuka, na ubishi unaanza upya.

Halmashauri ya Jiji inaweza kuumaliza ubishi huo kwa kutofautisha kazi ndogo na kubwa. Kamera moja ya mkononi, taa moja inayoshikwa na mtu, wapita njia wakiwa na nafasi ya kupita, nusu saa isizidi: hiyo isihitaji kibali chochote katika mtaa wa umma. Mitambo ya kusimikwa, jenereta au kufunga njia: hiyo ilipiwe ada inayojulikana, kwa namba ya malipo ya serikali. Yatajwe na majengo na maeneo ambayo hayapigwi picha kabisa, ili mlinzi na mpiga picha wasome kitu kimoja. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili unatosha, ubandikwe kwenye ofisi za kata za Kivukoni, Kisutu na Upanga kabla ya harusi za Desemba kuanza.